Mazoezi ya msimu wa baridi kwa vijana wa mita 800 na 1600

Karibuni. Niliposimama hapa ni ukingoni mwa ziwa Bde Maka Ska, Minneapolis. Ni saa nne asubuhi, na simu yangu inasema nyuzi 12 za Selsiasi chini ya sifuri. Mvuke unaonitoka kinywani mnauona wenyewe. Kuna mama mmoja aliniambia, "Kocha, mwanangu akitoka nje na baridi hii atarudi na nimonia." Nikamwambia, mama, baridi si adui mkubwa. Wanaotuangushia vijana ni wawili: barafu iliyo chini ya kiatu, na haraka ya kutafuta kasi mwezi wa Januari.

Tuanze na kalenda. Huku Minnesota mbio za nyika za shule huisha Novemba, za uwanjani zikaanza Machi, na fainali za jimbo ni Juni. Majimbo mengine, kama Massachusetts, yana mashindano ya shule ya uwanja wa ndani. Sisi hatuna, na mimi naona hiyo ni bahati: miezi mitatu na zaidi hakuna anayekuuliza umemaliza wa ngapi.

Nyika zikiisha, pumzika kwanza. Siku kumi, au hata wiki mbili, usikimbie. Cheza mpira, lala. Kijana asiyepumzika Novemba huja kwangu Februari anachechemea.

Sasa nguo. Sogeza kamera hapa. Ya ndani kabisa ni fulana ya kitambaa chepesi kinachotoa jasho nje. Pamba hapana, pamba ikilowa inakugandisha. Juu yake sweta jembamba, halafu koti jepesi la kuzuia upepo. Mkononi vaa glavu zinazokusanya vidole vinne pamoja, vipashane joto. Kichwani boshori, ile ile ya asubuhi za Limuru. Hii skafu ya shingoni ipandishe hadi puani, maana hewa kavu ya baridi hukereketa njia ya pumzi. Mwenye pumu asitoke bila dawa yake ya kuvuta. Ukifungua mlango ukahisi baridi kidogo, umevaa sawasawa. Ukihisi joto tangu mlangoni, vua kitu kimoja.

Kabla ya kutoka, soma kipimo cha baridi pamoja na upepo. Kikifika nyuzi 28 za Selsiasi chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa nusu saa. Siku hiyo fanya mazoezi ndani, usijitafutie sifa.

Haya, twende njiani. Angalieni miguu yangu. Hatua fupi, mguu unatua chini ya nyonga, sio mbele yako. Mikono naipanua kidogo kwa ajili ya mizani. Mnaona pale lami inang'aa kama imemwagiwa maji? Hayo si maji, ni barafu. Pale natembea. Ndiyo, natembea, na saa yangu inaendelea kuhesabu, wala sioni haya. Theluji iliyoshindiliwa ina nafuu kuliko lami inayong'aa. Na juu ya ziwa lenyewe usikanyage, hata ukiona wavuvi wamekaa huko.

Desemba jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, shule ndiyo kwanza imetoka. Vaa taa ya kichwani na kizibao cha kuakisi mwanga. Koti jeusi gizani dereva halioni.

Kazi yenyewe sasa. Kwenye mita 800, karibu theluthi mbili ya nguvu mwilini hutokana na hewa unayovuta. Kwenye 1600 ni zaidi ya asilimia 80. Ndiyo maana msimu wa baridi tunajenga pumzi. Kocha Arthur Lydiard wa New Zealand alimkimbiza Peter Snell, mtu wa mita 800, kilomita 35 siku ya Jumapili, milimani. Snell akachukua dhahabu ya 800 Roma mwaka 1960, na Tokyo mwaka 1964 akachukua ya 800 na ya 1500. Wewe una miaka 16, kilomita zake ziache. Chukua wazo.

Wiki ya kwanza kimbia nusu ya ulichokuwa ukikimbia wakati wa nyika. Ongeza kidogo kidogo, na kila wiki ya nne punguza. Siku nyingi ziwe za taratibu, dakika 30 hadi 45. Kipimo changu ni maneno: uweze kumsimulia mwenzako mechi ya jana bila kukatwa na pumzi. Waliowahi kukimbia Iten, mji wa wakimbiaji kule Kenya, wanajua, alfajiri kundi linaanza polepole hadi unajiuliza kama hawa ndio mabingwa wenyewe. Jumamosi kimbia mbio ndefu, dakika 60, ukizoea 70. Jumapili pumzika.

Jumanne ni tempo: dakika 15 hadi 20 za mwendo mgumu unaoweza kuumudu, maneno mawili matatu yanatoka, hadithi haitoki. Usifuate kasi ya saa, theluji itakudanganya. Ukiwa kwenye mashine ya kukimbilia, inua mwinuko uwe asilimia moja.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanajenga pumzi, kasi wanaisahau mpaka Machi, kisha siku ya kwanza ya viatu vya misumari msuli wa paja unachanika. Mara mbili kwa wiki, baada ya mbio za taratibu, fanya mikimbio sita ya sekunde 20, mepesi na ya haraka, bila kukaza mabega. Tafuta lami kavu iliyopigwa chumvi, au omba ruhusa ya korido ya shule. Februari ongeza kilima kifupi, sekunde 10 kwenda juu, unarudi ukitembea, mara sita. Kilima kikiwa na barafu, panda ngazi.

Nguvu ni dakika 20, mara mbili kwa wiki: kuchuchumaa na kuinuka, kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja, na planki, yaani kujiinua kifudifudi kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka. Basi.

Ukirudi, badilisha nguo zilizolowa hata kabla ya kushika simu. Kunywa maji ingawa huna kiu. Wazazi, hasa wa wasichana: mtoto akichoka wiki kwa wiki bila sababu, mpelekeni apimwe madini ya chuma, na daktari aangalie vitamini D pia, maana ngozi zetu jua la huku msimu huu halizitoshi. Msinunue vidonge kabla ya majibu. Nyama, maharage na sukuma wiki vinaweza kuanza leo.

Kila siku andika kwenye daftari dakika ngapi, njia ilikuwaje, uliumia wapi. Machi kocha wa shule akikuuliza ulifanya nini, mpe daftari asome.

Kamera izime sasa, vidole vyangu vimeanza kufa ganzi.