Maungio Haya ni ya Nani? Mhadhara kuhusu usimamizi wa ujenzi wa moduli

Mwenyekiti, wahandisi wenzangu, wakandarasi, na nyinyi wanafunzi mliojaa huko nyuma, asanteni. Walionisikia zamani wanajua ninakoelekea, na leo nakwenda huko huko. Faida za kutengeneza vyumba kiwandani na kuvipanga saiti sizirudii. Wauzaji wanazitangaza kila siku, na nyingi ni za kweli. Mimi nauliza swali moja: pale moduli, yaani chumba kilichotoka kiwandani, inapokutana na moduli nyingine, au inapokalia msingi, kwenye hayo maungio nani anawajibika? Nataka jina la mtu. Jina la kampuni halinitoshi.

Twendeni Brooklyn, New York. Mwishoni mwa 2012 ulianza ujenzi wa jengo la ghorofa 32 katika namba 461 mtaa wa Dean. Moduli 930, nyumba 363, nusu yake za watu wa kipato cha chini na cha kati. Kiwanda kilikuwa Brooklyn humo humo, kwenye eneo la zamani la kuundia meli za kivita. Hakuna bahari ya kuvuka, hakuna forodha, hakuna barabara ya vumbi. Jengo lilitarajiwa kukamilika 2014. Lilifunguliwa mwishoni mwa 2016.

Moduli zilianza kupanda, na kadiri zilivyopanda zikawa hazikutani sawasawa. Maji yakapenya. Agosti 2014 kazi ikasimama, mwenye mradi na mjenzi wakapelekana mahakamani. Mwenye mradi anasema kiwanda na upangaji vimesimamiwa vibaya, mjenzi anasema usanifu wenyewe una kasoro. Nani alikuwa na haki, hilo ni la mahakama. Kinachoniuma ni kwamba swali la nani mwenye maungio liliulizwa ghorofa zikiwa zimeshasimama.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Moduli moja imezidi upana kwa milimita 3. Mkaguzi wa kiwandani anaipitisha, na kiwango kinamruhusu. Panga kumi kwa mstari, zote zimezidi: milimita 30. Bomba la maji taka linaloshuka kutoka juu halioni mwenzake wa chini. Hapo kila mtu ametimiza wajibu wake kwenye karatasi, na jengo limeharibika. Kwa hiyo kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua kiandikwe kwa jengo zima, tangu mchoro wa kwanza. Kila baada ya moduli kadhaa iachwe nafasi ya kumeza tofauti. Na mpima apime kila ghorofa kabla ya inayofuata kunyanyuliwa, hata kama kreni inalipiwa kwa saa na meneja ananuna.

Mtaniambia: Mhandisi, ghorofa 32 ni mambo ya Marekani, sisi tunapanga zahanati ya vyumba sita. Haya, twende kwenye zahanati. Mkandarasi wa msingi amezoea tofali. Juu ya msingi wake kuna tofauti ya milimita 15, na kwake hiyo si habari; rojo la kozi ya kwanza, ule mstari wa chini wa tofali, litaisawazisha, kinachobaki plasta itakificha. Kwa ukuta wa tofali yuko sahihi kabisa. Sasa mshushieni moduli ya fremu ya chuma. Pembe tatu zinakaa, ya nne inaning'inia. Fremu inajipinda kidogo tu, jicho halioni. Unafungua mlango, unakwaruza sakafu. Dirisha la aluminiamu halitelezi. Kigae cha chooni, kilichobandikwa vizuri kiwandani, kina ufa pembeni. Na fundi afanyeje? Anachukua randa aupunguze mlango! Jamani, mlango hauna kosa, umekuja kama ulivyochorwa. Rudini chini. Inueni ile pembe, wekeni bamba la chuma la unene unaotakiwa, kazeni bolti, jazeni grauti isiyosinyaa, yaani rojo la kuziba pengo, ndipo mjaribu mlango tena.

Ndiyo maana siwezi kuvumilia ile sentensi ya vikao vyetu: "Tutarekebisha saiti." Katika ujenzi wa kawaida saiti ndiko kwenye nafasi ya kurekebisha. Hapa ukuta unakuja na waya ndani, bomba ndani, rangi juu. Kusogeza swichi nusu mita ni kubomoa ukuta uliokwisha. Michoro lazima ifungwe kabla chuma cha kwanza hakijakatwa, na tarehe ya kuifunga iandikwe kwenye mkataba kama inavyoandikwa tarehe ya kukabidhi.

Najua kuna mkandarasi hapa anawaza: mteja ndiye mwenye pesa, nitamzuiaje kubadili mawazo? Usimzuie. Mtengenezee chumba kimoja cha mfano, kamili, chenye sinki na taa. Mwingize humo. Awashe taa, afungue bomba, alalamike anavyotaka. Wateja wengi hawasomi ramani, na sioni kwa nini tuwalaumu. Akishamaliza kulalamika, badilisheni, kisha asaini.

Kama kuna anayedhani tunazungumzia milango inayokwaruza tu, akumbuke jengo la Ronan Point, London, tarehe 16 Mei 1968. Ghorofa 22 za paneli za zege, yaani kuta zilizotengenezwa kiwandani na kuunganishwa saiti, wapangaji wameingia miezi miwili tu nyuma. Alfajiri, mkazi wa ghorofa ya 18 akawasha jiko apate chai. Gesi iliyovuja ikalipuka, ukuta ukasukumwa nje, na kona nzima ya jengo ikaporomoka kuanzia juu hadi chini. Watu 4 walikufa. Ukuta ulipotoka hapakuwa na cha kushikilia paneli za juu, kwa sababu maungio yalikuwa dhaifu. Jengo lilipobomolewa mwaka 1986 zilikutwa karatasi za magazeti ndani ya maungio, mahali palipotakiwa rojo. Mtu alichomeka gazeti pale, na hakuna aliyepita nyuma yake kukagua kabla pafunikwe.

Basi huyo mwenye maungio ateuliwe wakati msanifu angali na penseli mkononi. Awe na sauti kiwandani na saiti pia. Lori lisitoke getini mpaka yeye ameupima msingi na kusaini kwamba umekubalika. Ungio lisifunikwe mpaka amelipiga picha na kuliandikia namba. Mkandarasi wa msingi na kiwanda wakibishana, neno lake ndilo la mwisho.

Muda umenibana, kwa hiyo usafiri nauelezea kwa kifupi. Kontena lina upana wa mita 2.44, nanyi mnatamani vyumba vya mita 3 na zaidi. Basi kibali cha mzigo usio wa kawaida kiombwe wakati wa usanifu. Kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake mnakijua, na mizani ya magari ya Vigwaza, Pwani, haina mjomba. Pakieni kwa mpangilio wa kupandisha, ya kwanza kupanda isifichwe nyuma ya nyingine. Uzito halisi wa kila moduli upimwe kiwandani, kreni isichaguliwe kwa makadirio ya mchoro. Upepo ukizidi kiwango alichopewa mwendesha kreni, kazi isimame bila mjadala.

La malipo linawahusu wakadiriaji majenzi. Mmezoea kupima kazi iliyopo saiti ndipo mtoe hati ya malipo. Hapa thamani kubwa inakaa kiwandani kwa miezi huku saiti pana msingi mtupu, na kiwanda kinaishiwa fedha kabla ya moduli ya mwisho. Lipeni kwa moduli iliyokaguliwa, yenye namba, iliyokatiwa bima, na ambayo mkataba unasema ni mali ya mteja tangu siku ilipolipiwa. Vifungu vya kuandika hivyo ninavyo hapa. Anayevihitaji aje mezani wakati wa maswali.