Kipimo cha EPO: namna ya kujiandaa na kusoma majibu

Karibuni tena, watazamaji. Leo tunapima EPO, yaani erithropoietini. Hii ni homoni inayotoka zaidi kwenye figo na kwenda kwenye uboho, ndani ya mifupa, kuuamuru utengeneze chembe nyekundu za damu. Oksijeni ikipungua, figo huongeza amri. Ikitosha, hupunguza.

Kwanza, nenda asubuhi, kabla ya saa sita mchana, maana homoni hii hupanda na kushuka kutwa nzima. Ukirudia kipimo, rudi saa ileile.

Pili, sema ukweli wako wote pale mapokezi: unachomwa sindano za EPO kama wagonjwa wengi wa dayalisisi? Umeongezewa damu karibuni? Una mimba? Unavuta sigara? Umetoka Mombasa juzi ukapanda Iten, mita kama 2,400 juu ya bahari? Usicheke. Siku mbili za mwanzo huko juu EPO hupanda, kisha hushuka mwili ukizoea.

Tatu, damu. Tazama hapa: tyubu ya kifuniko chekundu inajazwa kwanza, ya zambarau inafuata. Wenzangu wa maabara, msibadilishe mpangilio huu, kwani dawa iliyomo kwenye ya zambarau ikigusa nyingine inaharibu vipimo. Nyekundu iache igande nusu saa, izungushe kwenye mashine, kisha utenge yale maji ya manjano ya juu, seramu, uyaweke kwenye friji. EPO hupimwa humo. Ya zambarau ni ya hemoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, na bila hiyo kazi yote hii ni nusu.

Nne, majibu, na hapa ndipo watu hujidanganya. Maabara nyingi huandika kiwango cha kawaida kati ya 4 na 26 mIU/mL hivi; fuata kilichochapwa kwenye karatasi yako. Tuseme EPO yako ni 12. Unafurahi? Angalia hemoglobini kwanza. Kama ni 14 g/dL, sawa. Kama ni 7, hiyo 12 ni mbaya: damu ikipungua kiasi hicho, figo yenye afya ingepiga kelele, na EPO mara nyingi ingevuka 100. Figo iliyokaa kimya namna hiyo inahitaji kuchunguzwa, hata kama karatasi haina alama yoyote nyekundu.

Sasa geuza. Hemoglobini iko juu mno na EPO nayo iko juu: daktari atatazama mapafu, sigara, na figo kwa ultrasaundi, maana uvimbe wa figo nao unaweza kumwaga EPO. Lakini hemoglobini ikiwa juu na EPO iko chini, huenda uboho unazalisha bila kungoja amri. Hapo utaombwa kipimo cha JAK2, jeni ambayo ikibadilika huufanya uboho uzalishe hovyo, na utanyoosha mkono tena kwa tyubu nyingine ya zambarau.