Dumu la Shangazi

NESTO: Mwakeye Kigoma, mwakeye Kasulu, na nyie wa Dar mnaotusikiliza mkiwa kwenye foleni. Leo tuliahidi kuongea kuhusu kufunga zawadi za sikukuu kwa msafiri wa ndege. Karatasi ninayo, nina mambo matano. Jambo la kwanza...

ZUHURA: Subiri kwanza. Huniulizi kwa nini nanuka?

NESTO: Dada, nilikuwa nakustahi.

ZUHURA: Ni mawese. Lile begi jeusi nimelisugua kwa majivu, kwa sabuni ya kipande, kwa limau, bado. Jumanne nilipanda ndege kwenda Dar. Nikabeba dagaa wangu, migebuka yangu ya kubanika, na kamzigo ka shangazi.

NESTO: Shangazi yule yule wa kesi ya kuku?

ZUHURA: Ninaye mwingine? Saa kumi na moja alfajiri nasikia hodi. "Mwanangu, nibebee hiki, ni kidogo tu, mpe mke wa mjukuu wangu, amejifungua." Kidogo chenyewe kimefungwa kanga, kamba ya katani, halafu selotepu mpaka kimekuwa jiwe.

NESTO: Ukapokea.

ZUHURA: Nikapokea kwa mikono miwili. Nimelelewa Ujiji mimi. Nikakiweka kwenye begi la mkononi, maana kilo 23 za begi la chini zilishaliwa na dagaa.

NESTO: Kilo 23 za dagaa?

ZUHURA: Migebuka imo. Usinihesabie. Basi, pale uwanjani begi likapita kwenye mashine, mkanda ukasimama, ukarudi nyuma. Afisa, kijana mpole kabisa, ananiuliza: "Mama, hiki ni nini?" Zawadi. "Zawadi ya nini?" Sijui. "Umefunga mwenyewe?" Hapana.

NESTO: Umekosa maswali yote matatu!

ZUHURA: Kikafunguliwa. Kanga. Ndani ya kanga magazeti. Ndani ya magazeti kisu cha kuparia samaki.

NESTO: Kwa mzazi?

ZUHURA: Mzazi hali samaki? Halafu dumu la lita moja la mawese. Halafu soksi ya mtoto, na ndani ya soksi shilingi elfu hamsini na kikaratasi: "Mumeo asijue."

NESTO: Yesu wangu.

ZUHURA: Na nyuma yangu kwenye foleni nusu ya mtaa wa Mwanga ipo. Sasa mumewe anajua. Amejua kabla ndege haijapaa.

NESTO: Haya, kisu kikaenda chini, hilo halina ubishi. Kitu chenye makali hakipandi na abiria. Mawese je?

ZUHURA: Na yenyewe chini. Nikabisha. Nikamwambia kijana, hayo si maji, hebu tazama, yameganda.

NESTO: Ulimbishia afisa kuhusu mawese?

ZUHURA: Nesto, asubuhi ya mvua mawese yetu si kimiminika. Pindua dumu, hayatoki. Shangazi mwenyewe ameyasindilia kwa kijiko mpaka mdomoni.

NESTO: Kwa macho ya ukaguzi, kinachopakika na kinachomwagika ni ndugu. Asali, siagi ya karanga, mafuta ya nywele, vyote vinaingia kwenye hesabu ya vimiminika. Na ukitoka nje ya nchi ndiyo unakutana na ile mililita 100 kwa kila chupa ya mkononi. Hiyo ilianza 2006, Uingereza walipowakamata watu waliopanga kulipua ndege za kwenda Marekani kwa vimiminika. Lita moja ya shangazi hapo...

ZUHURA: Lakini yameganda!

NESTO: Asubuhi.

ZUHURA: Ndiyo, asubuhi. Ndege yenyewe ni ya asubuhi.

NESTO: Kwa hiyo mawese yana zamu? Asubuhi mkate, mchana chai?

ZUHURA: Na ndiyo maana nanuka. Sikiliza. Mawese yakiganda yanajikunja, yanakuwa madogo. Yakiyeyuka yanatanuka. Mtu akikujazia mpaka mdomoni yakiwa yameganda, ukifika kwenye joto la Dar yanatafuta pa kwenda. Yakasukuma kifuniko. Yakapata njia kwenye dagaa wangu, kwenye gauni la sikukuu, na kwenye zile karatasi za maua nilizofungia zawadi za watoto.

NESTO: Ulifunga na karatasi za maua kabisa? Hilo ni jambo langu la pili! Zawadi ya ndege haifungwi mapema. Mkaguzi akitaka kuona, anachana. Beba karatasi imekunjwa, ufungie huko huko.

ZUHURA: Za kwangu hakuchana mtu. Zimepata rangi ya chungwa tu. Wifi yangu akasema zimependeza.

NESTO: Kwa hiyo dumu liachwe nafasi shingoni, kifuniko kikazwe, halafu liingie kwenye mfuko wa zipu. Na msiogope, ile marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 haikuigusa mifuko ya zipu ya msafiri.

ZUHURA: Kama ni kimiminika.

NESTO: Dada Zuhura!

ZUHURA: Nauliza tu.

NESTO: Mimi nakurudisha kwenye kosa lenyewe. Ungekifungua kile kifurushi nyumbani, mbele ya shangazi, ungeona dumu limejaa, ungepunguza vijiko vitatu. Ungeona kisu. Mzigo usioujua haubebwi. Siyo wa shangazi, siyo wa padri.

ZUHURA: Nimfungulie mtu mzima mzigo wake machoni pake? Nimwambie nini, kwamba nakushuku?

NESTO: Mwambie ndege ina masharti.

ZUHURA: Ndege haikunilea. Afisa akifungua, ni kazi yake, shangazi hanuni. Mimi nikifungua, nimemvunjia heshima. Kilichotokea uwanjani ni ajali.

NESTO: Ajali? Watu wamesoma kikaratasi chake! Ungefungua wewe, ungesoma peke yako.

ZUHURA: Hapo ndipo hunielewi. Mimi sikutakiwa kukisoma. Hata peke yangu.

NESTO: Na ingekuwa kitu kibaya? Siyo mawese. Kitu cha kukufunga. Ungesema "sijui" mbele ya hakimu?

ZUHURA: Kwa mtu nisiyemjua, sibebi hata bahasha. Hapo tuko pamoja. Lakini shangazi...

NESTO: Shangazi naye anatumwa na watu. Anajua jirani kamwekea nini?

ZUHURA: Humjui shangazi yangu.

NESTO: Namjua. Kisu.

ZUHURA: Cha samaki!

NESTO: Basi mwambie atume kwa treni. Reli imefika hapa tangu 1914, magunia inabeba, na Tabora unaongeza asali.

ZUHURA: Akipanda mtu wa kwake atatuma kwa mtu wa kwake. Zawadi ya mzazi haisafiri yenyewe kama gunia la mihogo.

NESTO: Sikubali.

ZUHURA: Usikubali. Endelea na karatasi yako.

[Mlango unagongwa.]

NESTO: Nani? Ah, kwaya. Wanataka chumba, wana mazoezi ya mkesha. Dakika mbili, jamani! Dada, tumefika jambo la ngapi?

ZUHURA: La pili. La kwanza hukulisema.

NESTO: La kwanza lilikuwa pima mzigo nyumbani, kwa mizani ya muuza dagaa. La tatu, pawabanki usiweke begi la chini, kaa nayo ndani, maana betri ikishika moto ukiwa nayo watu wataiona na kuizima. La nne na la tano... basi, wanaingiza kinanda.

ZUHURA: Nesto, Jumamosi si unakwenda Dar?

NESTO: Ndiyo.

ZUHURA: Shangazi ameleta kingine. Kiko pale kwenye kiti.

NESTO: Nitakifungua.

ZUHURA: Hukifungui.

NESTO: Hapa hapa, mbele ya kwaya. Lete kisu.

ZUHURA: Kisu kiko Dar.