Christian Okoye: Mrusha Kisahani Aliyegeuka Jinamizi la Nigeria

RUKIA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Rukia, mwenzangu ni Mussa, na leo kwa mara ya kwanza tumemruhusu atuletee mpira wa Kimarekani.

MUSSA: Nimeomba hadi sauti imekauka, dada. Ila nimekuletea mtu ambaye huwezi kumkataa, maana ni wa kwenu huko kwenye riadha. Christian Okoye. Kazaliwa Enugu, Nigeria, Agosti 1961. Anafikisha miaka 22 hajacheza huo mpira hata mara moja. Anafika 28, ndiye anayeongoza NFL nzima, ligi kuu ya mpira huo Marekani, kwa kukimbia na mpira.

RUKIA: Enugu ya 1961! Basi vita vya Biafra, eneo la mashariki lililotaka kujitenga na Nigeria, vimemkuta mtoto.

MUSSA: Mtoto kabisa. Vita vinaanza Julai 1967, yeye hajatimiza hata sita. Na Enugu ndiyo ilikuwa makao makuu ya kwanza ya Biafra, ikatekwa mwaka uleule. Okoye ni Mwigbo, na Waigbo ndio waliokuwa wengi Biafra, kwa hiyo hiki si kitu alichokisoma shuleni.

RUKIA: Halafu akakua, akawa pande la mtu.

MUSSA: Sentimita 185 na kilo karibu 118 alipokuwa NFL. Lakini kwanza riadha. Hapo endelea wewe.

RUKIA: Naendelea kwa furaha. Okoye alikuwa mrushaji. Kisahani ndicho mchezo wake mkubwa, na tufe na nyundo pia alikuwa akirusha. Mwaka 1982 anapata nafasi ya masomo Azusa Pacific, chuo kidogo cha Kikristo huko California, mashariki ya Los Angeles. Hapo anakusanya mataji ya vyuo. Na hakuwa Mnigeria peke yake pale. Innocent Egbunike, mkimbiaji wa mita 400, naye alikuwa Azusa. Sasa angalia ilivyokaa. Mwaka 1984 Olimpiki inafanyika wapi?

MUSSA: Los Angeles.

RUKIA: Los Angeles! Mlangoni kwake. Mtu anaweza kutoka chuoni na gari akafika uwanjani asubuhi hiyohiyo. Egbunike anachaguliwa, anakimbia mita 400 mara nne kupokezana, Nigeria inapata shaba. Okoye anaachwa. Timu ya taifa lake imekuja hadi mtaa anaokaa yeye, na jina lake halimo.

MUSSA: Na hapo ndipo mpira wa Kimarekani ulipompata.

RUKIA: Ndiyo. Na mimi hadithi za namna hii huwa sipendi zikisimuliwa kama baraka iliyojificha. Alitaka Olimpiki, akanyimwa. Huo mpira ulikuwa wa pili moyoni.

MUSSA: Wa pili, na wala hakuupenda mwanzoni. Aliuona unachosha: watu wanakimbia sekunde tano, wanasimama, wanajadiliana, wanakimbia tena sekunde tano.

RUKIA: Niko naye kabisa hapo. Hebu mfafanulie msikilizaji anayejua soka tu.

MUSSA: Haya. Timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, kama mita tisa hivi. Wakifika, wanapewa mengine manne. Wakishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kusogeza kuna njia mbili. Ama kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, anaurusha kwa mwenzake aliye mbele, ama anamkabidhi mtu aliyesimama nyuma yake, naye anaukumbatia na kuingia nao katikati ya watu. Huyo wa pili ndiye raningibeki. Mbele yake wenzake watano wanene wanajaribu kumfungulia njia, na upande wa pili watu 11 wana kazi moja tu, kumlaza chini.

RUKIA: Na analazwa.

MUSSA: Karibu kila safari. Akifika mstari wa mwisho na mpira, hiyo ni tachidauni, pointi sita. Lakini mara nyingi ni yadi tatu, yadi nne, chini. Anainuka, anarudi, anapewa tena.

RUKIA: Na Okoye aliichukuaje kazi hiyo?

MUSSA: Vyuo vile vidogo vilikuwa havijaona mtu mwenye uzito ule na mbio zile. Kumbuka ni mrushaji. Mguu wa mrushaji una mlipuko wa hatua za kwanza. Baada ya chuo akaitwa kwenye Senior Bowl ya mwaka 1987, mchezo wa maonyesho wa wachezaji wanaomaliza vyuo, wengi wao wakitoka vyuo vyenye majina makubwa. Akafunga tachidauni nne. Miezi michache baadaye, siku klabu za NFL zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, Kansas City Chiefs wakamchukua raundi ya pili, wa 35 kwa jumla. Ana miaka 25. Wengine wa umri huo wameshacheza ligi miaka mitatu.

RUKIA: Hapo ndipo nilipotaka tufike, kaka. Unajua hoja yangu.

MUSSA: Naijua, iseme.

RUKIA: Kijana wa Kimarekani anaanza kugongwa akiwa na miaka minane, tisa. Okoye alifika na mwili mpya. Alichelewa kujifunza mchezo, sawa, lakini magoti yake yalichelewa kuharibika.

MUSSA: Inaingia akilini, ila subiri uone ulivyotumika huo mwili mpya. Msimu wa kwanza, 1987, ule wa mgomo wa wachezaji, anapata yadi 660. Wa pili unaharibika, 473. Halafu mwaka 1989 anakuja kocha Marty Schottenheimer, na huyo falsafa yake ilikuwa fupi: mpe Okoye mpira. Wakimzuia, mpe tena.

RUKIA: Mara ngapi?

MUSSA: Mara 370 kwa msimu mmoja.

RUKIA: Mia tatu na sabini!

MUSSA: Zaidi ya mara 20 kila mchezo, na karibu kila mara kuna mtu anakuja kumgonga, au wawili, au wanne. Akamaliza na yadi 1,480 na tachidauni 12, wa kwanza katika ligi. Hapo ndipo lile jina la Jinamizi la Nigeria likashika kila mahali. Beki wa kilo 85 anamwona huyu anakuja, mabega yamefunikwa na vikinga vikubwa kuliko vya mtu mwingine yeyote uwanjani, na kazi yake ni kusimama njiani.

RUKIA: Nimepiga hesabu hapa. Yadi 1,480 ni kama kilometa moja na mita 350. Mwaka mzima wa kugongwa, umbali wa kutoka nyumbani hadi sokoni.

MUSSA: Na kwa umbali huo unaitwa mfalme! Sasa, aliyekuwa wa pili mwaka huo ni nani? Barry Sanders wa Detroit Lions, msimu wake wa kwanza kabisa. Yadi 1,470.

RUKIA: Kumi tu.

MUSSA: Kumi tu. Mchezo wa mwisho, Detroit wanacheza na Atlanta, wameshashinda, Sanders yuko nje anapumzika. Kocha wake anamwambia umebakiza kidogo uongoze ligi, unataka kurudi uwanjani? Akakataa. Mchezo umeshakwisha, ya nini?

RUKIA: Na ana miaka 21 tu!

MUSSA: Miaka 21. Nami najua mashabiki wa Sanders wanavyosema: mtu wetu alipewa mpira mara 280 tu, Okoye 370. Ukigawanya, Sanders anapata zaidi ya yadi tano kila akiupokea, Okoye nne kamili.

RUKIA: Kwa hiyo taji ni la nani?

MUSSA: La Okoye, bila swali. Taji halitolewi kwa wastani. Na zile mara 90 za ziada mwili wake ndio uliozilipia.

RUKIA: Haya, twende Denver. Naona unaizungukazunguka.

MUSSA: Siizunguki! Tarehe 17 Septemba 1990, Jumatatu usiku, Marekani nzima inatazama. Chiefs ugenini kwa Denver Broncos. Okoye anapewa mpira, anapita katikati, njia imefunguka. Mbele amebaki Steve Atwater, beki wa nyuma, mwaka wake wa pili kwenye ligi, mwepesi kuliko Okoye kwa karibu kilo 20. Wanakutana kifua kwa kifua. Okoye anasimama palepale, halafu anakwenda chini kinyumenyume. Na Atwater usiku huo alikuwa amefungwa kipaza sauti, kwa hiyo hata kelele zake za kushangilia zimehifadhiwa.

RUKIA: Sasa nikuulize. Mtu aliyelaza mabeki miaka sita, kwa nini kipande kinachozunguka mtandaoni kila mwaka ni hicho cha kulazwa yeye?

MUSSA: Kwa sababu hakuna aliyedhani kinawezekana.

RUKIA: Hilo ni jibu la shabiki wa Denver. Mimi naona watu wanapenda kuona mkubwa akianguka, na mkubwa mwenyewe akiwa mgeni, ndiyo kabisa. Jina walilompa ni la kutisha watoto, halafu anakuja mtu wa kuliondoa jinamizi, kila mmoja analala usingizi.

MUSSA: Mh. Hilo la mgeni sijalifikiria hivyo. Ila usimpunje Atwater. Huyo aliingia kwenye Jumba la Umaarufu, linaloenzi nyota wa mchezo huo, mwaka 2020, na hakuingia kwa pigo moja.

RUKIA: Simpunji. Nasema tu kwamba Okoye aliinuka, akarudi mstarini, mchezo ukaendelea.

MUSSA: Ukaendelea hadi Denver wakashinda 24 kwa 23. Lakini angalia namba zinazofuata, ndizo zinazoniuma mimi kuliko pigo. Mwaka 1990, yadi 805. Chiefs wameleta mkimbiaji mwingine, Barry Word, naye anavuka 1,000 mwaka huohuo. Mwaka 1991 Okoye anarudi, 1,031, anachaguliwa tena mchezo wa nyota. Mwaka 1992, 448. Magoti yamekataa. Mwaka 1993 klabu inawaleta nyota wawili, Joe Montana na Marcus Allen, Kansas City wanapata msimu walioungoja miaka, na Okoye hayumo.

RUKIA: Jumla?

MUSSA: Misimu sita, yadi 4,897, tachidauni 40. Karibu theluthi ya yadi hizo zote ni ya mwaka mmoja, 1989.

RUKIA: Basi hoja yangu ya mwili mpya imekufa.

MUSSA: Haijafa, imejeruhiwa. Mimi naamini mwili mpya ndio uliompa ule mwaka. Lakini makocha wakiona kitu hakichoki, hawaulizi kitachoka lini. Na klabu hiyohiyo ilirudia. Mwaka 2006 Chiefs walimpa Larry Johnson mpira mara 416, rekodi ya ligi hadi leo. Mwaka uliofuata akaumia mguu baada ya michezo minane.

RUKIA: Mia nne kumi na sita! Hakuna chama cha wafanyakazi huko?

MUSSA: Kipo, na kina nguvu. Lakini mkataba hauna kifungu kinachosema mtu asigongwe zaidi ya mara fulani. Ndiyo maana siku hizi raningibeki wanalalamika kuhusu malipo. Ukimaliza mkataba wa kwanza umeshatumika, klabu inachukua kijana mwingine kutoka chuoni kwa bei ndogo.

RUKIA: Kuna kitu kimoja cha kuchekesha hapa lazima tukiseme. Mchezo wa video.

MUSSA: Aa, Tecmo Super Bowl! Ulitoka 1991 kwenye Nintendo. Okoye wa mle ndani ni balaa. Mabeki wanamrukia, wanarushwa huku na huku. Kuna watu wazima Marekani hawajawahi kuona mchezo wake hata mmoja wa kweli, lakini wanamjua kwa kidole gumba.

RUKIA: Na mle ndani magoti hayaumi.

MUSSA: Hayaumi. Yeye mwenyewe alibaki California, akaanzisha taasisi ya kusaidia watoto kupitia michezo na Jumba la Umaarufu la Michezo la California. Chiefs nao walimwingiza kwenye jumba lao mwaka 2000.

RUKIA: Kabla hatujafunga, wasikilizaji wa Nairobi watatuuliza: upande wetu je?

MUSSA: Daniel Adongo. Alikuwa mchezaji wa raga, Indianapolis Colts wakamsajili 2013, akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Hakuwa raningibeki, alikuwa upande wa ulinzi na kwenye vikosi maalumu, vile vinavyoingia wakati wa kupiga mpira kwa mguu. Lakini njia ni ileile ya Okoye: kwanza unakuwa na mwili na mbio, sheria unafundishwa ukubwani.

RUKIA: Huyo tumwekee kipindi chake. Swali la mwisho, na ujibu kwa neno moja. Una timu, una msimu mmoja tu. Okoye wa 1989 au Sanders wa 1989?

MUSSA: Sanders.

RUKIA: Nilijua! Saa nzima unamsifia Mnigeria!

MUSSA: Umesema neno moja, dada.

RUKIA: Mimi Okoye. Ni yadi tatu zimebaki, mvua inanyesha, kila mtu uwanjani anajua nani anapewa mpira. Sanders wako atazunguka, atateleza. Wangu anapita.

MUSSA: Na wakiwa na Atwater?

RUKIA: Zima kipaza sauti hicho. Wiki ijayo tunarudi kwenye marathoni.