Mtoto Anapolalamika Tumbo

MTANGAZAJI: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Kampala, Bombo, Arua na kwingineko. Sista, leo tuzungumzie mtoto mdogo anayesema tumbo linamuuma.

MUUGUZI: Asante, kaka. Kwanza wazazi wafahamu kwamba mtoto wa miaka mitatu huweza kuonyesha kitovu hata pale ugonjwa unapokuwa mbali na tumbo. Malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, hata koo lililovimba, yote huweza kumfanya alalamikie tumbo. Kwa hiyo mwenye homa apelekwe kituoni akapimwe, asinunuliwe tu dawa ya minyoo dukani.

MTANGAZAJI: Lakini minyoo nayo ipo.

MUUGUZI: Ipo, na ndiyo sababu watoto kuanzia mwaka mmoja hupewa dawa yake katika kampeni za Aprili na Oktoba. Hata hivyo, si kila tumbo ni minyoo. Wengi huumwa kwa sababu ya kufunga choo: choo kigumu kilimuumiza siku moja, akaogopa, akaanza kukibana, na kadiri anavyokibana ndivyo kinavyozidi kukauka. Mpeni maji, papai na maharage, mumkalishe chooni kwa utulivu baada ya kula, wala msimkaripie.

MTANGAZAJI: Na mitishamba inayotiwa kwa njia ya haja kubwa?

MUUGUZI: Hiyo nawasihi muiache kabisa, kwa maana inaweza kuutoboa utumbo au kumpa mtoto sumu, na saa za kumwokoa zikapotea. Kuna hali inayowapata hasa watoto wasiofikisha miaka miwili, ambapo sehemu ya utumbo huingia ndani ya nyingine. Mtoto aliyekuwa mzima hulia ghafla akikunja miguu, hunyamaza kana kwamba amepona, kisha baada ya dakika kadhaa hulia tena. Ule utulivu wa katikati ndio unaowadanganya wazazi. Choo chenye damu na ute huenda kikachelewa kuonekana, kwa hiyo msikisubiri. Nendeni hospitali yenye chumba cha upasuaji.

MTANGAZAJI: Ni dalili gani nyingine zisizongoja asubuhi?

MUUGUZI: Matapishi ya kijani, tumbo lililovimba likawa gumu, uvimbe wenye maumivu kwenye kinena au korodani, na usingizi usio wa kawaida. Vilevile maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini upande wa kulia, hata mtoto akatembea ameinama, huenda yakawa ya kidole tumbo.

MTANGAZAJI: Na maumivu yakiwa madogo, naye bado anacheza?

MUUGUZI: Mwangalieni kwa makini. Parasetamo inafaa, ikipimwa kwa uzito wake na isizidi mara nne kwa saa 24. Akiharisha, apewe maji ya ORS, yaani ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma mapema. Mkifika kituoni, semeni maumivu yalianza lini, alikojoa na kwenda choo lini, na kila dawa aliyopewa, ikiwemo ya kienyeji. Hatuulizi ili tuwalaumu. Majibu hayo ndiyo yanayotuelekeza pa kuanzia.