Moyo Unaoruka Mapigo na Safari ya Ndege

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, ndugu zangu, karibuni.

Hapa Mbeya, mtu mwenye moyo unaoruka mapigo akipangiwa kliniki Dar es Salaam, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ndugu humwambia: "Usithubutu ndege, huko juu hakuna hewa. Panda basi." Wanamhurumia, lakini ushauri huo nina ugomvi nao. Ndege huruka juu sana, ni kweli, ila hewa ya ndani hushindiliwa. Abiria anapumua kama aliye mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400 hivi. Sasa nyie mnaishi wapi? Jiji letu lenyewe liko kwenye mita 1,700. Anayepanda uwanda wa juu wa Kitulo kununua viazi anaupita mwinuko huo wa ndani ya ndege, tena huko anabeba magunia!

Na hilo basi? Zaidi ya saa 12 umekunja magoti, damu imetuama miguuni, maji hunywi kwa kuogopa kutafuta choo njiani. Mgonjwa ambaye damu yake huganda kwa urahisi, hapo ndipo mnamtia hatarini.

Ninachokiogopa mimi ni moyo ambao haujatulia hata kabla ya kuondoka nyumbani. Hebu tupime wote. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, viweke kwenye kifundo cha mkono mwingine, upande wa dole gumba. Usipimie dole gumba, lina mapigo yake lenyewe. Hesabu dakika nzima. Wenye mapigo yasiyo na mpangilio msihesabu sekunde 15 mkazidisha kwa nne, mtadanganyika. Mtu aliyetulia, 60 hadi 100 ni kawaida. Ukikuta yamepita 110 na umekaa tu, au ulizimia majuzi, au unahema hata ukilala, tiketi isubiri. Muone daktari kwanza.

Dawa zikae kwenye begi la mkononi, pamoja na karatasi ya daktari. Ongezeni za siku kadhaa, maana ukungu wa uwanja wetu wa ndege wa Songwe hauna ratiba. Wanaotumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, wapime damu kabla ya safari, na wasibadili ghafla kiasi cha mboga za majani wanachokula.

Wenye betri ya moyo, kile kifaa kilichowekwa kifuani kuongoza mapigo, onyesheni kadi yake, piteni kwenye geti la ukaguzi kwa mwendo wenu wa kawaida, msisimame katikati. Askari akileta kile kifaa cha mkononi, mwombe asikishikilie juu ya kifua.

Mzee wa pale dirishani anauliza: ndege imeahirishwa, kwenye pilikapilika kidonge cha jioni kikasahaulika, kesho ameze viwili? Hapana baba. Usimeze viwili kwa mkupuo. Meza kinachofuata kwa saa yake, andika siku uliyosahau kumeza, na ukifika kliniki mwambie daktari.