Isome Redio Kabla ya Kuipa Umeme

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kufika. Naanza na ombi: mkipata redio ya mezani ya zamani, ya valvu (vile virija vya kioo vinavyopata moto ndani yake), msiichomeke ukutani "tuone kama inafanya kazi". Hamu hiyo naijua. Lakini redio iliyolala kabatini miaka mingi inaweza kuimba dakika kumi tu, kisha ikaunguza transfoma ya spika ambayo ilikuwa nzima kabisa. Isomeni kwanza.

Chomoeni waya wa umeme, fungueni ubao wa nyuma, someni namba za valvu. Kwa valvu nyingi za Marekani, tarakimu za mwanzo hukaribia volti za uzi unaozipasha moto. Mkikuta 12SA7, 12SK7, 12SQ7, 50L6 na 35Z5, jumlisheni: mnapata 121, karibu sawa na umeme wa nyumbani wa Marekani. Wahandisi waliziunga nyuzi hizo mfululizo, wakaiondoa transfoma ya umeme, na redio ikawa nyepesi na ya bei ambayo watu wa kawaida waliimudu. Mimi naona huo ni ubunifu mkubwa. Ila uzi mmoja ukikatika, valvu zote tano huzimika, kwa hiyo redio iliyo kimya na giza si lazima iwe imekufa.

Hatari yake iko kwingine. Katika redio nyingi za aina hiyo, chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba vipuri, imeungana na upande mmoja wa umeme wa ukutani. Kitufe cha plastiki kikichomoka, kile chuma kinachobaki kinaweza kuua mtu. Fanyeni kazi kupitia transfoma ya kutenganisha umeme, ili redio isiungane moja kwa moja na umeme wa ukutani. Na kama umeme wenu ni wa volti 230, iwe ni ya kutenganisha na kushusha kwa pamoja.

Valvu za Ulaya husomwa kwa herufi. ECH81 na EL84 zinaanza na E, yaani uzi wa volti 6.3. Zikianza na U, nyuzi zimeungwa mfululizo kwa miliampea 100. Hapo onyo la chasisi linarudi vilevile.

Umri nao hujionyesha. Jicho la kijani linalofumba unapoipata stesheni lilianza kuuzwa 1935, basi redio iliyotoka kiwandani nalo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Kwenye uso wa stesheni, tafuteni vialama viwili, mara nyingi pembetatu, penye kilohezi 640 na 1240. Hizo ni redio za Marekani za kati ya 1953 na 1963, enzi ya hofu ya mabomu ya nyuklia, ambapo raia walitakiwa kujua pa kusikiliza tahadhari.

Sasa matengenezo, na hapa nitakaa kidogo. Adui mkubwa ni kapasita, vipuri vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme, hasa za karatasi zilizopakwa nta. Karatasi hunyonya unyevu, kapasita ikaanza kuvujisha umeme. Moja ndiyo mbaya kuliko zote: ile inayopeleka sauti kwenye gridi, yaani mlango wa kuongozea mkondo, ya valvu ya mwisho inayoendesha spika. Ikivuja, gridi hupata volti chanya, valvu hunywa mkondo kupita kiasi, ikachemka pamoja na transfoma ya spika. Redio ikiwaka, pimeni gridi hiyo: inatakiwa isome sifuri au hasi. Ikisoma chanya, zimeni mara moja. Kwa kweli mimi huibadilisha kabla ya kuwasha, bila kuipima. Kapasita za elektrolaiti zilizokauka zinajulikana kwa mvumo mzito kwenye spika. Zitoeni kwenye sakiti. Kubandika mpya juu ya ya zamani ni kubaki na ugonjwa. Na ile inayokaa kwenye waya wa umeme wa ukutani, wekeni iliyoidhinishwa kwa usalama, yenye alama ya X au Y kulingana na mahali pake.

Kuwasha mara ya kwanza, ungeni balbu ya uzi ya wati 60 mfululizo na redio. Ya LED haifai. Ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, endeleeni. Ikibaki inang'aa, kuna shoti mahali.

Kioo cha stesheni kisafisheni upande wa mbele tu. Majina yamechapwa nyuma, na tone la maji au spiriti huyafuta. Majina ya stesheni za zamani kama Hilversum na Beromünster yakishatoka, hayarudi.

Mwisho, skrubu zilizo juu ya vikopo vya alumini. Hizo zinashika masafa ya ndani ya redio, mara nyingi kilohezi 455 kwa za Marekani. Si skrubu zilizolegea. Zilisetiwa hivyo kiwandani, na kuzirekebisha kunataka jenereta ya mawimbi, kifaa cha kutoa mawimbi ya kupimia. Redio ikipokea vizuri, msiziguse.